Barakoa Zinazofutana

Kazi huanza wakati simu haina kazi. Imechomekwa kwenye chaja, skrini imezimwa, na iko kwenye Wi-Fi isiyokula bando la mwenyewe. Masharti hayo yakitimia, programu ya kibodi huijulisha seva kwamba iko tayari, na seva huipa modeli: faili la namba, pengine zaidi ya milioni moja, ambazo kwa pamoja hukisia neno litakalofuata baada ya yale yaliyokwisha kuandikwa. Simu huipitisha modeli hiyo kwenye maneno ya mwenye simu, huona ilipokosea, kisha huzisogeza namba zake kidogo kidogo ili makosa yapungue. Kinachorudi kwenye seva si maneno, bali ni tofauti kati ya namba za mwanzo na namba mpya.

Hivyo ndivyo Brendan McMahan na wenzake wa Google walivyoipanga kazi hii katika makala waliyoitoa mwaka 2016, na mwaka uliofuata kampuni hiyo ikatangaza kwamba inaijaribu kwenye kibodi ya Gboard. Data hubaki ilipo, na marekebisho ya modeli ndiyo yanayosafiri. Watu wa tiba nao waliiona faida yake upesi, kwa kuwa kumbukumbu za wagonjwa haziruhusiwi kuzunguka ovyo. Mwaka 2021 taasisi 20 za nchi mbalimbali zilichapisha modeli ya kukadiria mahitaji ya oksijeni ya wagonjwa wa Uviko-19, ziliyoifunza kwa pamoja bila kupeana mafaili ya wagonjwa wao.

Tatizo ni kwamba marekebisho nayo husema. Mwaka 2019 Ligeng Zhu, Zhijian Liu na Song Han wa MIT walionyesha jinsi ya kuyasemesha. Chukua marekebisho ya mshiriki mmoja. Tengeneza picha ya nukta za ovyo, ipitishe kwenye modeli ileile, angalia inatoa marekebisho gani. Badilisha nukta ili marekebisho hayo yakaribiane na yale uliyoyanasa. Rudia, na uendelee kurudia. Mwishowe picha iliyo mbele yako ni ile ya asili, karibu nukta kwa nukta. Maandishi nayo walifaulu kuyafufua kwa njia hiyohiyo. Kumbe haitoshi data kubaki kwenye simu. Seva haipaswi kuona hata marekebisho ya mtu mmoja mmoja. Inatakiwa ione jumla ya wote, basi. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata; hapa kata inatakiwa kuchota na isiijue.

Utaratibu wa kufanya hivyo ulichapishwa mwaka 2017 na Keith Bonawitz pamoja na wenzake wanane. Kwenye mashine huisha haraka mno kwa jicho kuufuata, kwa hiyo njia nzuri ya kuutazama ni kuufanya kwa kalamu na daftari, kwa namba ndogo, bila kuruka hatua.

Hatua ya kwanza ni kupunguza. Simu hupima urefu wa marekebisho yake: huzidisha kila namba kwa yenyewe, hujumlisha majibu, hutafuta kipeuo cha pili. Urefu ukizidi kikomo kilichowekwa, namba zote hupunguzwa kwa uwiano mmoja hadi urefu ulingane nacho. Mwelekeo wa marekebisho haubadiliki. Nguvu yake ndiyo hushuka. Mwanzoni hatua hii huonekana ya kupita tu, lakini mbele tutaikuta mara mbili, kila mara ikiwa imebeba mzigo mzito.

Baada ya hapo namba za desimali hugeuzwa kuwa namba nzima zinazozunguka. Watunzi wa utaratibu walipima mfano wao kwa namba za biti 16, zenye thamani 65,536 zinazowezekana. Kwenye daftari tutumie 100: tunahesabu kuanzia 0 hadi 99, tukivuka 99 tunarudi 0, na tukishuka chini ya 0 tunaangukia 99. Mzunguko huu una sababu yake. Katika hesabu za kawaida, ukijumlisha 7 na namba ya bahati nasibu, ukubwa wa jibu unaweza kudokeza kitu. Katika mzunguko, jibu laweza kuwa lolote kati ya yale 100, kwa uwezekano sawa. Anayelitazama hajifunzi chochote kuhusu ile 7.

Hatua ya pili ni funguo. Tuwaite wenye simu Asha, Baraka na Chausiku. Asha ana 7, Baraka ana 12, Chausiku ana 5, na seva inatakiwa kupata 24 bila kuijua hata moja kati ya hizo tatu. Ili hilo liwezekane, kila wawili wanahitaji namba ya siri ya kwao wawili. Hawajuani, simu zao haziongei moja kwa moja, na kila ujumbe unapitia kwa seva ileile wanayoificha namba zao. Zana ya hapa ni ya mwaka 1976, ya Whitfield Diffie na Martin Hellman. Kila simu hutunga ufunguo wa siri, na kutokana nao hutoa ufunguo wa umma ambao seva huwasambazia wengine. Asha akichanganya siri yake na ufunguo wa umma wa Baraka hupata namba fulani. Baraka akichanganya siri yake na ufunguo wa umma wa Asha hupata namba hiyohiyo. Seva iliyobeba funguo zote mbili za umma haina njia inayojulikana ya kuifikia kwa muda wenye maana. Namba hiyo fupi huitwa mbegu. Simu zote mbili huilisha mbegu kwenye programu moja, nayo hutoa mfululizo mrefu wa namba zisizotabirika, hata milioni moja, zinazolingana tarakimu kwa tarakimu upande huu na ule. Hiyo ndiyo barakoa, na kila simu huitengenezea kwake, kwa hiyo haisafiri kamwe.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonifanya niupende utaratibu huu. Kabla ya kuficha chochote, kila simu huwagawia wenzake vipande vya siri zake mbili: ufunguo wake wa siri, na mbegu ya barakoa nyingine, ya binafsi, ambayo sababu yake itaonekana baadaye. Vipande hukatwa kwa njia ya Adi Shamir ya mwaka 1979. Tuseme barakoa binafsi ya Baraka ni 17, naye anataka wawili wowote kati ya watatu waweze kuirudisha, lakini mmoja peke yake asiweze. Huchagua namba ya nasibu, tuseme 6, kisha huchora mstari ulionyooka unaoanzia 17 na kupanda kwa 6 kila hatua. Hatua ya kwanza iko 23, ya pili 29, ya tatu 35. Asha anapewa 23, Baraka anabaki na 29, Chausiku anapewa 35. Asha na Chausiku wakikutanisha vipande vyao wanaona mstari umepanda 12 kwa hatua mbili, yaani 6 kwa kila hatua. Wanarudi nyuma hatua moja kutoka 23, wanaikuta 17. Asha akiwa peke yake na 23 yake hana kitu, kwa sababu mistari isiyo na idadi inapita kwenye nukta hiyo, na kila mmoja una mwanzo wake. Katika kazi halisi mstari huu huchorwa kwenye hesabu za mzunguko wa namba tasa kubwa, na kila kipande hufungwa kwa usimbaji ambao mpokeaji peke yake anaweza kuufungua, ili seva inayovibeba isisome.

Sasa barakoa zenyewe. Tuseme mbegu ya Asha na Baraka imetoa 63, ya Asha na Chausiku imetoa 28, ya Baraka na Chausiku imetoa 85. Kanuni ni moja: katika kila jozi, aliyetangulia kwenye orodha hujumlisha, anayefuata hutoa. Asha anaandika 7 + 63 + 28, anapata 98. Baraka anaandika 12 − 63 + 85, anapata 34. Chausiku anaandika 5 − 28 − 85, anaangukia chini ya sifuri, anazunguka na kutokea 92. Seva inapokea 98, 34 na 92, namba ambazo hazina uhusiano wowote unaoonekana na 7, 12 na 5. Inazijumlisha: 224. Inazungusha: 24. Kila barakoa iliingia mara moja kwa kujumlishwa na mara moja kwa kutolewa, na zote zikafutana.

Mtu angeweza kuridhika hapo na kuweka kalamu chini. Mafundi hawa hawakuridhika, kwa sababu wanazijua simu. Betri huisha, mtandao hukatika, mwenye simu huamka na kuichomoa. Tuseme Chausiku amepotea baada ya wenzake kuvaa barakoa alizoshirikiana nao. Seva ina 98 na 34. Jumla, baada ya kuzunguka, ni 32. Jibu halisi la waliobaki ni 19. Barakoa mbili za Chausiku zimebaki zikining'inia bila wa kuzifuta. Hapo vipande vilivyogawiwa mapema huitwa kazini: Asha na Baraka wanatoa vipande vyao vya ufunguo wa siri wa Chausiku, seva inaunganisha, inazalisha upya 28 na 85, inaziondoa. 113 kwenye mzunguko ni 13. 32 kutoa 13 ni 19. Kazi inaendelea kana kwamba hakuna aliyeondoka.

Kisha wakajiuliza swali ambalo mvivu asingejiuliza: je, kama Chausiku hakupotea, ila alichelewa? Seva imekwisha kuzijua 28 na 85. Ujumbe wake wa 92 unawasili. Seva ikijumlisha 92, 28 na 85, ikazungusha, inapata 5, siri ya Chausiku, wazi kabisa. Seva danganyifu haihitaji hata kusubiri achelewe. Inatosha kudai tu kwamba amepotea.

Ndiyo sababu ya barakoa binafsi. Asha anaongeza 40 yake juu ya 98, inakuwa 38. Baraka anaongeza 17 juu ya 34, inakuwa 51. Chausiku anaongeza 66 juu ya 92, inakuwa 58. Wote wakifika salama, wenzao wanatoa vipande vya barakoa binafsi: 38 + 51 + 58 ni 47 baada ya kuzunguka, barakoa zile tatu ni 23, na 47 kutoa 23 ni 24. Chausiku akipotea, vinatolewa vipande vya barakoa binafsi za Asha na Baraka, na vya ufunguo wa Chausiku, na 19 inapatikana. Chausiku akichelewa, ujumbe wake wa 58 ukiondolewa barakoa za jozi unatoa 71, ambayo ni 5 na 66 zilizoshikana, na 66 hakuna wa kuifungua. Sheria kwa kila anayeshika vipande ni hii: kwa mtu mmoja, utatoa kipande cha ufunguo wake au kipande cha barakoa yake binafsi, viwili kwa pamoja, kamwe.

Bado kuna mwanya, nao wameuona. Seva yaweza kumwambia Asha kwamba Chausiku yupo na kumwambia Baraka kwamba hayupo, ikakusanya vipande vya aina zote mbili. Kwa hiyo, pale seva yenyewe inaposhukiwa, kila simu hutia sahihi ya kidijitali kwenye orodha ya waliobaki, na haitoi kipande chochote kabla ya kuona sahihi za kutosha juu ya orodha ileile. Idadi ya kutosha huwekwa zaidi ya theluthi mbili ya washiriki. Makundi mawili ya ukubwa huo lazima yachangie zaidi ya theluthi moja ya watu, na ikiwa walaghai hawafiki theluthi, basi katika hao wanaochangiwa yumo angalau mwaminifu mmoja, ambaye hakubali orodha mbili.

Gharama ya hayo yote waliipima. Kwa washiriki 1,024, kila mmoja akiwa na namba 1,048,576, mzigo unaotumwa ni mara 1.73 ya ule ambao ungetumwa peupe. Mzigo mzito zaidi uko kwenye jozi, kwa kuwa kila simu inapaswa kuafikiana na nyingine zote. Mwaka 2020 James Bell na wenzake, Bonawitz akiwamo, waliupunguza: kila simu ikapewa majirani wachache waliochaguliwa kwa nasibu, na wakathibitisha kwamba usalama haupotei.

Jumla imepatikana, lakini yawezekana mmoja wa waliochangia ni mwongo. Leslie Lamport, Robert Shostak na Marshall Pease waliandika mwaka 1982 kuhusu majenerali wa Bizanti wanaozingira mji huku baadhi yao wakiwa wasaliti, na tangu hapo mshiriki anayeweza kusema lolote kwa yeyote huitwa wa Kibizanti. Chukua marekebisho matano: 5, 7, 8, 12, na 90 ya mwongo. Wastani ni 24.4, mbali na kila mwaminifu. Mwaka 2017 Peva Blanchard, El Mahdi El Mhamdi, Rachid Guerraoui na Julien Stainer walithibitisha kwamba njia yoyote ya kujumlisha kwa uwiano inaweza kupelekwa popote na mwongo mmoja tu. Wakatoa njia waliyoiita Krum. Kila rekebisho hupima umbali wake hadi majirani wa karibu, huzidisha kila umbali kwa wenyewe na kujumlisha. Kwa watu watano na mwongo mmoja, majirani wanaohesabiwa ni wawili. 5 inapata 13. 7 inapata 5. 8 inapata 10. 12 inapata 41. 90 inapata 12,808. Anayechaguliwa ni mwenye alama ndogo kuliko wote, yaani 7. Mwongo amejitenga kwa uongo wake mwenyewe.

Hapa zana mbili nzuri zinagombana. Krum inataka kumwona kila mmoja, ilhali barakoa zimetengenezwa ili asionekane yeyote. Mafundi wanapita katikati kwa uthibitisho: simu inatuma namba iliyofichwa pamoja na ushahidi wa kihesabu kwamba namba hiyo haikuvuka kikomo, bila kuitaja. Mwaka 2017 Henry Corrigan-Gibbs na Dan Boneh wa Stanford walionyesha njia moja, Prio, ambamo namba hukatwa vipande vinavyopelekwa kwa seva kadhaa, na seva hizo huhakiki kwa pamoja kitu ambacho hakuna hata moja inayokiona. Na kikomo chenyewe ni kile cha hatua ya kwanza. Mwongo aliyebanwa kwenye urefu uleule wa wenzake hawezi tena kuandika 90. Atajaribu uongo mdogo unaojificha ndani ya tofauti za kawaida za watu waaminifu, na tafiti zimeonyesha kwamba uongo wa aina hiyo unaweza kufanya madhara. Sehemu hii ya kazi bado iko mezani.

Hatua ya mwisho ni kelele, kwa maana ya namba za nasibu zinazoongezwa kwa kipimo. Hata jumla safi inaweza kukumbuka kitu cha mtu mmoja, kama vile neno ambalo yeye peke yake huliandika. Cynthia Dwork, Frank McSherry, Kobbi Nissim na Adam Smith waliweka mwaka 2006 kanuni ya kupima hatari hiyo: jibu lisibadilike kwa kiasi cha kuonekana mtu mmoja akiingia au akitoka. Kelele inatakiwa kulingana na mchango mkubwa kabisa ambao mtu mmoja anaweza kuutoa, na mchango huo ulikwisha kuwekewa mpaka na kile kipimo cha urefu. Kikomo kikiwa kikubwa mno, kelele huizamisha modeli. Kikiwa kidogo mno, hakuna kinachofunzwa. Fundi hukitafuta kwa kujaribu, akipima tena na tena.

Kila raundi ya mafunzo hula sehemu ya bajeti ya faragha, na mafundi huweka daftari la matumizi. Mwaka 2022 Google walieleza walivyofunza modeli ya Kihispania ya Gboard kwa utaratibu wenye hesabu hiyo, wakasema kwamba kwa ujuzi wao ndio mtandao wa neva wa kwanza uliofunzwa moja kwa moja kwa data za watumiaji, ukiwa kazini, kutangazwa na hakikisho rasmi la faragha. Kila kifaa kiliwekewa muda wa kukaa nje kabla ya kushiriki tena, ili mtu mmoja asichangie mara nyingi mno. Anayesoma daftari hilo anaona ni kiasi gani kimetumika na kiasi gani kimesalia. Bajeti ikiisha, mafunzo husimama, hata kama modeli ingeweza kupanda alama mbili tatu zaidi. Kiasi hicho huamuliwa kabla ya raundi ya kwanza, wakati hakuna anayejua modeli itatoka nzuri kiasi gani, na hapo ndipo penye uaminifu wa kazi nzima.